Kabla ya misioni kufika, Kanisa lilikuwa wapi?



*Mimi ni Mmethodisti, nafundisha ECODIM, shule ya Jumapili, kundi la watoto wa miaka 9 hadi 14. Mume wangu ni Mkatoliki, na watoto wetu wanakwenda huku na huku, Jumapili hii kwangu, Jumapili ijayo kwa baba yao. Baada ya Pasaka tulimaliza Matendo ya Mitume. Mtoto mmoja akaniuliza: "Mwalimu, kisha Paulo kufa, kanisa ilienda wapi mpaka bazungu balituletea?" Mwenzake, ambaye amesikia mambo shuleni, akadakia: "Na ni kweli mapadri ba zamani balikuwa banachoma batu?" Nikakosa la kusema.*

*Nilipomweleza mchungaji, aliniambia nivuke tu, nitoke kwa Mitume niende moja kwa moja kwa Luther, kwa sababu katikati pale ni giza. Shemeji yangu naye amepata habari na anasema nataka kuwafundisha watoto wa kaka yake kumdharau Papa. Kitabu sina, isipokuwa kile cha historia cha mwanangu wa sekondari, cha Kifaransa, na humo Kanisa la Zama za Kati ni ngome za mawe, wafalme na Vita vya Msalaba. Nifundishe au niache? Na nikifundisha, nianzie wapi?*

*Mwalimu wa ECODIM, Mutshatsha*

Mwalimu, fundisha.

Huyo mtoto wa kwanza amepiga hesabu ambayo wazee wengi wa kanisa hawajawahi kuipiga. Paulo aliuawa Roma katika karne ya kwanza. Frederick Arnot, mmisionari wa kwanza wa Kiprotestanti kukaa Katanga, alifika Bunkeya kwa mfalme Msiri mwaka 1886. John Springer na mkewe Helen, hao Wamethodisti wenu kutoka Marekani, walikatiza nchi hizi kwa miguu mwaka 1907. Kati ya Paulo na Arnot kuna miaka zaidi ya 1,800. Ukimrusha mtoto kutoka kwa Paulo hadi kwa Luther, aliyeanza ugomvi wake na Roma mwaka 1517, unamwachia pengo la miaka zaidi ya 1,400, na mtoto haachi pengo wazi. Atalijaza kwa anachokiona kwenye simu ya kaka yake, au kwa maneno ya mtu fulani pale stesheni anayesema dini ni mali ya wazungu na tuwarudishie.

Kosa la kitabu cha mwanao si kwamba kinasema uongo. Kinasema habari za Ulaya kwa sababu kiliandikwa kwa mpango wa masomo uliotoka Ulaya, na mtoto wa Mutshatsha anakifunga akiamini kwamba katika miaka ile elfu moja Mungu alikuwa na kazi upande mmoja tu wa dunia. Wewe usianzie hapo. Anza na vitu vilivyomo ndani ya chumba chenu cha ECODIM, kisha nenda Kolwezi, kisha panda juu kwenye Nile. Ulaya itafika yenyewe njiani.

Tafuta kamba ndefu, uifunge mafundo 20, fundo moja kwa kila karne, uitandaze ukutani. Paulo umtundike kwenye fundo la kwanza, Arnot kwenye la 19. Watoto waone kwa macho yao wingi wa mafundo yaliyobaki matupu katikati. Hilo ndilo somo la kwanza, na halihitaji hata nusu saa.

Somo la pili liko ubaoni. Kila mara unapoandika tarehe, unaandika mwaka uliohesabiwa na mtawa wa Zama za Kati. Aliitwa Dionysius Exiguus, aliishi Roma, na mwaka 525 alikuwa akitengeneza jedwali la kutafuta tarehe za Pasaka. Hakutaka kuhesabu miaka kwa jina la Kaisari Diocletianus, aliyewaua Wakristo, basi akaanza kuhesabu kutoka kuzaliwa kwa Kristo. Wataalamu wanasema alikosea kwa miaka michache, na watoto watafurahi sana kusikia kwamba dunia nzima inafuata hesabu yenye kosa. Benki za Kolwezi, kampuni za shaba, kadi ya uchaguzi, cheti cha ubatizo, vyote vinamfuata mtawa mmoja na jedwali lake la Pasaka. Mtundike kwenye fundo la sita.

Kisha fungueni Biblia. Mchungaji wako anaposimama na kusema "Yohana, sura ya tatu", hiyo sura imetoka kwenye giza analokuambia ulivuke. Mtume Yohana hakuandika kwa sura. Mgawanyo tunaoutumia unatajwa kuwa kazi ya Stephen Langton, aliyekuwa mwalimu huko Paris na baadaye Askofu Mkuu wa Canterbury, akafa mwaka 1228. Mistari midogo yenye namba ilikuja baadaye sana, kwa mkono wa mpiga chapa Robert Estienne, katika karne ya 16. Na kabla ya mashine ya kuchapa, kila Biblia ilinakiliwa kwa mkono, neno kwa neno, kwa sehemu kubwa na watawa wa kiume na wa kike. Wape watoto kazi: kila mmoja anakili Zaburi ya 23 kwa kalamu, bila kufuta. Watakaomaliza bila kosa watakuwa wachache, na hutahitaji kuwahubiria heshima kwa wale watawa.

Sasa Kolwezi. Watoto wako wanadhani Zama za Kati zilikwisha, kumbe zina parokia kwenye jimbo lenu. Jimbo Katoliki la Kolwezi lilipoundwa mwaka 1971, askofu wake wa kwanza, Victor Keuppens, alikuwa Mfransisko. Placide Tempels, yule aliyeandika kitabu cha falsafa ya Kibantu mwaka 1945, na ambaye baadaye akiwa kwenye kambi za wafanyakazi wa mgodi karibu na Kolwezi alianzisha vuguvugu la Jamaa, naye alikuwa Mfransisko. Shirika lao lilianza mwaka 1209. Upande wa Lubumbashi waliotangulia, mwaka 1910, walikuwa Wabenediktini wa abasia ya Saint-André huko Bruges, na hao wanafuata kanuni iliyoandikwa na Benedikto wa Nursia katika karne ya sita. Na kama hujui, Kolwezi kuna misioni ya Waorthodoksi iliyokuzwa na mtawa kutoka Mlima Athos nchini Ugiriki, Padri Kosmas, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1989. Monasteri iliyomtuma, Grigoriou, ilianzishwa katika karne ya 14. Kwa hiyo ukitoka Mutshatsha kuelekea mashariki, unafika mji ambamo karne ya 13 na karne ya 14 zina wajumbe wao hai, wanaobatiza na kuzika watu. Ukipata gari au nafasi kwenye treni, wapeleke watoto wakubwa wakaone kanisa la Waorthodoksi na picha zake. Kabla ya kwenda, waeleze kwamba Roma na Konstantinopoli zilitengana, na kwamba mwaka 1054 ndio unaotajwa vitabuni ingawa ugomvi ulichukua muda mrefu zaidi. Hilo linatosha. Usiwachoshe na mabishano juu ya Roho Mtakatifu kutoka kwa nani. Hata mapadri wengi yanawachosha.

Fransisko mwenyewe, mwanzilishi wa Wafransisko, mpe Jumapili nzima. Alizaliwa Assisi, Italia, karibu mwaka 1181, mtoto wa mfanyabiashara wa vitambaa, kijana wa nguo nzuri na karamu. Aliacha vyote hadharani mbele ya askofu, hata nguo za mwilini akamrudishia baba yake. Watoto wa mkoa wenu wa Lualaba wanaijua tamaa ya mali kuliko wengi, kwa hiyo kisa hiki hakihitaji kutafsiriwa. Lakini mimi napenda zaidi visa viwili vingine. Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio, aliomba waletwe ng'ombe na punda, zikatandikwa nyasi kavu kwenye hori, na watu wakaadhimisha Noeli mbele yake usiku, na mienge mikononi. Mapango ya Noeli tunayoyaona makanisani, hata yale ya makaratasi na majani ya migomba, yanafuata desturi iliyopata nguvu kutoka usiku ule. Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1219, jeshi la Vita vya Msalaba lilikuwa limeuzingira mji wa Damietta, kwenye mdomo wa Nile. Fransisko alivuka mstari wa vita na ndugu mmoja, bila silaha, akaenda kuzungumza na Sultani al-Malik al-Kamil. Hakumbatiza Sultani, na Sultani hakumsilimisha yeye. Walisikilizana, akarudishwa salama kwa jeshi lake. Ukitaka kuwaeleza watoto Vita vya Msalaba bila kuwafanya wawachukie Waislamu wenye duka mtaa wa pili, pitia mlango huu. Waambie ukweli pia: wanajeshi waliotoka Ulaya waliiteka Yerusalemu mwaka 1099 na kuwachinja watu wa mji, Waislamu na Wayahudi. Mara tu baada ya kusema hivyo, mlete Fransisko. Alikuwa mtu wa Kanisa lile lile.

Tumefika kwenye swali lenyewe: kanisa ilienda wapi? Jibu la kwanza ni kwamba sehemu yake haikwenda popote, ilikuwa Afrika. Wamisri walikuwa na watawa jangwani kabla Ulaya ya kaskazini haijasikia Injili. Ethiopia ilikuwa na mfalme Mkristo, Ezana wa Aksum, katika karne ya nne. Na Nubia, nchi ambayo leo ni Sudani ya kaskazini, ilipokea ujumbe kutoka Konstantinopoli kati ya miaka ya 540 na 580, ikawa na falme za Kikristo kwa muda wa karibu miaka elfu moja. Fikiria hiyo namba, Mwalimu. Ukristo wa Katanga haujafikisha miaka 150.

Wafalme wa Makuria, ufalme mkubwa wa Nubia, walipatana na Waarabu wa Misri mwaka 652 baada ya wapiga mishale wao kuuzuia mji wa Dongola usitekwe, na mapatano yale yaliendelea kwa karne kadhaa. Huko Faras walikuwa na kanisa kuu ambalo kuta zake zilijaa picha. Mchanga ulilifunika. Kati ya mwaka 1961 na 1964, bwawa la Aswan likiwa karibu kuizamisha sehemu ile, wachimbuaji wa Poland wakiongozwa na Kazimierz Michałowski walibandua zaidi ya picha 100 ukutani. Nyingine zilipelekwa Khartoum, nyingine Warsaw. Moja inamwonyesha Petros, askofu wa Faras katika karne ya kumi, ngozi yake nyeusi kabisa, na nyuma yake Mtume Petro, mweupe zaidi, amemwekea mikono mabegani. Nyingine ni Mtakatifu Anna, macho makubwa, kidole kimoja mdomoni kama mama anayesema "nyamaza". Mwenye simu na intaneti akupakulie hizo mbili, uzichapishe pale wanapotoa fotokopi, uzibandike. Zitafanya kazi kuliko maneno yangu yote. Mtoto aliyezoea kuona watakatifu wenye nywele za manjano atasimama mbele ya askofu Petros kwa muda mrefu.

Kisha simulia kisa hiki, nacho ndicho ningekifanya moyo wa masomo yote. Mwaka 1203 askari mmoja maskini wa Ufaransa, Robert de Clari, alikuwa Konstantinopoli na jeshi la Vita vya Msalaba vya nne. Siku moja viongozi wake walikwenda kumtembelea kaisari, na wakiwa pale akaingia mfalme mweusi, mwenye msalaba katikati ya paji la uso uliochorwa kwa chuma cha moto. Kaisari alisimama kumpokea kwa heshima, akawaambia wageni kwamba huyu ni mfalme wa Nubia. Kwa njia ya mkalimani wakamuuliza amefuata nini. Akasema amekuja kuhiji. Nchi yake, alisema, iko mwendo wa siku mia moja ng'ambo ya Yerusalemu, na watu wa kwao wote wakibatizwa hutiwa alama ile. Alipoondoka kwao alikuwa na watu 60. Walipofika Yerusalemu walibaki 10. Walipofika Konstantinopoli walibaki wawili. Na bado alikuwa akitaka kwenda Roma, kisha Santiago huko Hispania, halafu arudi Yerusalemu kama atakuwa hai. Robert alirudi kwao akayaandika hayo yote katika habari zake za vita. Ukweli wa kila neno la mfalme yule wanahistoria wanaujadili, lakini kwamba Mfaransa alimwona mfalme Mkristo kutoka Afrika na akashangaa, hilo limeandikwa.

Usiishie hapo. Aprili 1204, jeshi lile lile la Robert, ambalo watu wake walikuwa na msalaba wa kitambaa begani, liliuteka mji wa Konstantinopoli, mji wa Wakristo, likaupora siku kadhaa, makanisa pamoja na nyumba. Robert mwenyewe alirudi Ufaransa na masalia matakatifu akayatoa kwa abasia ya Corbie. Waulize watoto: kati ya yule mwenye msalaba kwenye paji la uso na wale wenye msalaba begani, nani alikuwa Kanisa? Usiwape jibu. Wakibishana hadi wakati wa kwenda nyumbani, umefundisha vizuri.

Lalibela, huko Ethiopia, inahitaji dakika kumi tu, kwa sababu watoto wenu wataielewa upesi kuliko mtoto wa Paris. Katika karne za 12 na 13, wakati wa mfalme anayeitwa kwa jina hilo, Waethiopia walichonga makanisa 11 ndani ya mwamba. Kanisa la Mtakatifu Georgi, lenye umbo la msalaba, walianza kulichonga kutoka juu, kwenye paa, wakashuka chini mita 12 hivi, kisha wakaingia ndani kupitia milango na kutoboa vyumba. Mtoto ambaye mjomba wake yuko kwenye karieri na nyundo na patasi anajua kushuka mita moja kwenye jiwe ni jasho kiasi gani. Watu wanasali mle mpaka leo.

Hapa nikutahadharishe. Utasikia mzee akisema: na sisi je, hatukuwa na misalaba ya shaba? Ndiyo, ipo, na ni yetu. Katika makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, wachimbuaji walikuta misalaba midogo ya shaba imewekwa pamoja na maiti, ya karne zile zile ambazo Ulaya ilikuwa inajenga makanisa yake makuu, na baadaye misalaba hiyo ilikuwa fedha ya biashara. Mitatu kati yake ilikuwa kwenye bendera ya Katanga ya mwaka 1960. Itundike kwenye kamba yako, fundo la 14, kwa fahari yote. Lakini usikubali mtu akwambie kwamba ni alama ya Kikristo na kwamba mababu walikuwa na Yesu kwa siri. Umbo lile lilikuwa kipande cha shaba kilichomiminwa kwenye kalibu, kirahisi kushika na kuhesabu. Mababu walikuwa na ustadi wao na ibada zao. Kuwabatiza leo kwa nguvu makaburini ni kuwaibia.

Kongo ya magharibi watoto wanaisoma shuleni, kwa hiyo ipitie tu: mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa mwaka 1491, mwanawe Afonso akatawala kama Mkristo msomi, na mjukuu wake Henrique aliwekwa wakfu kuwa askofu mwanzoni mwa karne ya 16. Luther alikuwa bado hajaoa. Na Wareno wale wale waliokuja na mapadri walinunua watumwa, na Afonso alimwandikia mfalme wa Ureno barua za kulalamika. Liseme na hilo.

Basi tufike kwa yule mtoto wa pili, aliyeuliza habari za kuchoma watu.

Mjibu ndiyo. Usizunguke. Kanisa la Zama za Kati lilikuwa na mahakama za kuwasaka waliodhaniwa kuwa na imani potofu, hasa kuanzia miaka ya 1230, na waliohukumiwa walikabidhiwa kwa serikali wachomwe. Kwa wadogo wa miaka 9 sema tu kwamba watu wa Kanisa waliua watu kwa sababu ya imani yao na kwamba ilikuwa dhambi. Wakubwa wa miaka 12 na zaidi wabakize baada ya somo uwasimulie kisa kimoja chenye jina na uso. Mimi ningemchagua Jeanne d'Arc, msichana wa shamba kutoka Domrémy. Alihukumiwa Rouen na mahakama ya Kanisa chini ya askofu aliyekuwa upande wa Waingereza, akachomwa tarehe 30 Mei 1431, ana miaka 19 hivi. Mama yake, Isabelle, hakukubali. Mwaka 1455, mzee tayari, alikwenda Paris, ndani ya Notre-Dame, kuomba kesi ifunguliwe upya. Mwaka uliofuata mahakama nyingine ya Kanisa ilifuta hukumu. Mwaka 1920 Papa akamtangaza mtakatifu. Kanisa moja lilimchoma, likamsafisha, likamweka altareni, na katikati kuna mama mmoja aliyekataa kukaa kimya.

Lakini nadhani mtoto huyo hakuuliza habari za Ufaransa tu. Anakaa Lualaba, na amesikia, pengine ameona, mtoto wa rika lake akiitwa mchawi, akifungiwa chumbani bila chakula ili "aombewe", au akifukuzwa nyumbani na kuishia kwenye soko la Kolwezi. Anachouliza ni kama Kanisa linaweza kumdhuru mtoto kama yeye. Hapo Zama za Kati zina neno la kushangaza, na wachungaji wengi wa maombi ya usiku wangefanya vizuri kulisikia. Katika miaka ya 780 mfalme Charlemagne aliwawekea Wasaksoni sheria: yeyote atakayemchoma mtu kwa kumdhania mchawi, yeye ndiye atakayeuawa. (Sheria hiyo hiyo iliamuru kifo kwa anayekataa ubatizo, kwa hiyo usimfanye Charlemagne malaika.) Karibu mwaka 906, abate Regino wa Prüm alikusanya kanuni za Kanisa, na mojawapo inasema kwamba wanawake wanaoamini kuwa wanasafiri usiku wakipaa na mapepo wamedanganywa na ndoto, na kwamba kuamini mambo hayo ndiko kosa. Misako mikubwa ya wachawi haikuwa ya Zama za Kati zenyewe. Ilianza mwishoni kabisa, karne ya 15, ikapamba moto katika karne za 16 na 17, kwenye nchi za Wakatoliki na za Waprotestanti pia. Kwa maneno mengine, Kanisa lililiona jambo hilo kuwa upuuzi kwa karne nyingi, halafu likaingiwa na hofu, likaua maelfu, kisha likaja kuona aibu. Sisi hatuna haja ya kupita njia hiyo yote. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi, na anayefanya hivyo anaadhibiwa na sheria. Wasomee watoto kifungu hicho, na uwaambie kwamba akitokea mtu yeyote, hata mwenye Biblia mkononi, akamwita mmoja wao mchawi, waje kwako. Kama kuna somo moja tu utakalofundisha katika yote niliyoandika, liwe hilo.

Shemeji yako ana hofu, na hofu yake ina sababu. Waprotestanti wengi wamefundishwa historia hii ili kuwapiga nayo Wakatoliki. Mwambie mambo mawili. Kwanza, Papa Yohane Paulo II mwenyewe alitamka masikitiko yake mwaka 1999 kwa kifo cha mhubiri Jan Hus, aliyechomwa Konstanz mwaka 1415, na mwaka 2001 huko Athens akaomba msamaha wa Mungu, akiitaja Konstantinopoli. Anayesema mabaya yale kwa heshima hamdharau Papa, anamfuata. Pili, mwahidi kwamba ukifika kwa Luther utawasimulia watoto pia habari za Michael Servetus, aliyechomwa moto Geneva mwaka 1553, mji wa Mprotestanti Calvin, na za Felix Manz, aliyezamishwa mtoni Zurich mwaka 1527 na Waprotestanti wenzake kwa sababu alitaka watu wazima wabatizwe. Na umtimizie. Mume wako naye asikae pembeni: yeye ndiye wa kuwasimulia watoto habari za Fransisko, kwa kuwa ni wa nyumbani kwake. Ukiwasimulia wewe, Mmethodisti, ni somo. Akiwasimulia baba yao, ni ukoo.

Mchungaji usimzunguke. Mfuate kabla ya Jumapili, peke yake, umwombe masomo sita, si mwaka mzima, na umwambie kwamba la sita, la Luther, ni lake. Mwonyeshe picha ya askofu Petros wa Faras, umwache aishike mkononi. Akikataa hata baada ya hapo, ECODIM ni ya kanisa na ratiba ni yake, utii. Lakini watoto wako wa kuwazaa hawako kwenye ratiba ya mtu. Hao wafundishe nyumbani, jioni, wewe na baba yao mkiwa wote wawili, na mlango msiufunge, watoto wa jirani wakitaka kuingia waingie.